Mguu wa Kushoto wa Gari

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la garaji moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura, nikimsubiri mwanangu aliyekuwa ameleta gari lake litengenezwe. Fundi kijana alilala chini ya gari, akalegeza boliti, na mafuta yakaanza kumwagika kwenye beseni. Yalikuwa mafuta ya giaboksi ya otomatike, yaliyoungua. Nyinyi wa rika langu mliowahi kuisikia harufu ile mnaijua: si ya petroli wala ya mawese, ni kama karanga zilizosahauliwa motoni, na ndani yake kuna utamu kidogo. Mwanangu aliziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka ndani, nikajikuta Rumonge, mtoto wa miaka saba au minane, nimechuchumaa juu ya mkeka uani kwetu, nautafuta mguu wa baba yangu.

Baba aliitwa Ramazani, na alikuwa dereva. Aliendesha lori la Mgiriki mmoja mnunuzi wa mawese, kutoka Nyanza-Lac mpaka Usumbura, kama tulivyouita bado mji huu. Akikaribia mtaa wetu wa Waswahili alipiga honi ndefu, mama akajua ni saa ya kuweka chungu motoni, na sisi watoto tukatoka mbio kuipokea harufu yake ya vumbi na moshi. Kisha, msimu mmoja wa mvua, karibu na Gitaza, pale milima inapoisukuma barabara mpaka ukingoni mwa ziwa, ukingo ulimeguka. Lori lililala ubavu juu ya mawe, na mguu wa baba wa kushoto ukabaki chini yake. Hospitalini Usumbura waliukata juu ya goti.

Aliporudi kwa magongo, hakuna mtu mzima aliyetaka kunieleza. Nilimwuliza shangazi, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mlangoni, mguu wa baba uko wapi. Alinijibu bila kuinua uso: "Ulibaki Usumbura." Basi mimi nikaelewa hivyo hivyo, kama mtu anavyosahau mwavuli kwa jamaa zake. Kitu kilichobaki mahali kinaweza kufuatwa. Nilishangaa tu kwa nini hakuna aliyepanda lori kwenda kuuchukua.

Baba hakuwa amezoea kukaa. Sasa alikaa. Aliweka kigoda ukutani na kuipa barabara mgongo, lakini masikio yake yalibaki kule kule. Lori likipita alisema peke yake, "Huyo amechelewa kubadilisha," au "Ataiua ambreyaje huyo," akimaanisha klachi. Baadaye hata hayo akaacha kuyasema. Chakula kilirudi jikoni nusu. Rafiki yake Elia, fundi wa magari aliyetoka upande wa Uvira, Mkristo wa kanisa la kuimba sana, alikuja kila jioni kumtia moyo.

"Yaya, utafundisha wengine," Elia alimwambia. Alimwita yaya, kaka mkubwa, ingawa walikuwa wa umri mmoja.

"Nitafundisha nini? Bila mguu wa kushoto hakuna ambreyaje. Bila ambreyaje hakuna gia. Bila gia, dereva ni jina tu."

Ndipo uhuru ukaja. Nakumbuka bendera mpya, ngoma, na vumbi la watu wanaocheza. Nakumbuka pia masanduku ya Wazungu yakipakiwa. Mgiriki naye alikuwa anaondoka, akamwita baba nyumbani kwake. Nilikwenda naye, maana kazi yangu siku hizo ilikuwa kumfungulia milango, na Elia alifuatana nasi. Uani kwa Mgiriki lilisimama gari refu la Kimarekani, rangi ya maziwa, alilolinunua Usumbura. Lilikuwa limekufa kwa namna ya ajabu: lilikubali kurudi nyuma, kwenda mbele lilikataa.

"Chukua, Ramazani," Mgiriki alisema. "Hakuna fundi anayelijua. Lakini likipona, hili haliombi mguu wa kushoto."

Baba alidhani anadhihakiwa. Elia aliinama, akaingiza kichwa chini ya usukani, akakaa huko muda. Alipotoka macho yake yalikuwa makubwa. "Ni kweli, yaya. Pedali ni mbili tu, ya mafuta na ya freni. Ya ambreyaje haiko. Hii gari iko na mguu yake ya kushoto mu ndani."

Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa maneno hayo yaliniingia vipi. Mguu wa baba ulibaki Usumbura. Gari lilitoka Usumbura. Na sasa Elia, ambaye hakuwahi kunidanganya, anasema ndani ya gari hili mna mguu wa kushoto. Nilishika mlango kwa mikono miwili ili mtu mwingine asilichukue.

Namna tulivyolifikisha nyumbani, wazee wa Rumonge walisimulia kwa miaka. Baba aliketi kwenye usukani, akaweka mkono wake juu ya kiti changu, akageuza shingo nyuma, na tukaondoka kinyumenyume. Tulipita hivyo barabara nzima, Elia akikimbia mbele ya mkia wa gari kufukuza mbuzi. Sokoni wanawake walitua vikapu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ramazani anarudi kwa mgongo!" Na baba, ambaye kwa miezi hakuwa amepaza sauti, akajibu kupitia dirishani: "Kwa mgongo ao kwa uso, nimerudi!"

Mama alitutazama kutoka mlangoni, mikono myekundu ya mawese mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akifanya kazi na wanawake wengine kwenye mashine ya kukamua, na mengine aliyapika mwenyewe nyumbani. Hakucheka.

"Barabara ilishakula mguu moja," alisema. "Unataka imalize na mwingine?"

"Mama Mwamini, nataka kufanya kazi."

"Kazi ziko nyingi za kukaa."

"Nimekaa," baba alisema. "Uliniona nilivyokaa."

Mama aligeuka, akaingia ndani. Hakukataza tena, lakini hakusaidia pia. Chai aliyowaletea wale wawili aliitua mbali na gari.

Walishusha giaboksi, ambayo wao waliita buwati, kwa kamba, magogo na vijana wa mtaani. Ilikuwa nzito kama ng'ombe mchanga. Elia alikuwa amefungua nyingi maishani mwake, zote za lori, na ndani ya zile unakuta meno makubwa ya chuma yanayoumana. Alikubali wazi kwamba hii haijui. "Tutaifungua polepole," alisema, "na kila kitu tutakilaza kwenye mkeka vile kilivyotoka, kama wageni wanavyovua viatu mlangoni." Alipotoa boliti za chini, mafuta mekundu yakamwagika, na ile harufu ya karanga zilizoungua ikajaa uani.

Mekundu! Nilijua ni damu. Nilisogea mpaka Elia akanigusa kwa kiwiko. Alitoa bakuli kubwa la chuma. Akatoa ngoma fupi iliyofungwa utepe mpana wa chuma. Kutoka ndani ya ngoma zikatoka sahani nyembamba, nyingine laini, nyingine zenye ngozi ya kahawia, zimepangwa kama chapati. Likatoka bamba lenye vijia vingi vinavyopindana, kama nyumba ya mchwa iliyopasuliwa, na ndani ya vijia mkawa na springi na vigololi vya chuma. Kisha kasha likawa tupu. Nilichungulia. Niliingiza mkono mpaka begani. Nikaanza kulia.

"Umejikata?" baba aliuliza.

"Hauko," nilisema.

"Nini hakiko?"

"Mguu wako. Elia alisema uko ndani."

Elia aliweka spana chini taratibu. Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Nilidhani nimemkosea baba, lakini alivuta gongo lake, akateremka kutoka kwenye kigoda mpaka akakaa mkekani karibu yangu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu atoke hospitali, kwa sababu kuinuka kulimwaibisha.

"Mwanangu, mguu wangu ulizikwa. Kule Usumbura. Waislamu wenzetu waliuvika sanda, wakaupeleka makaburini. Uko mahali pema, hauendi kokote."

"Na huu wa gari?"

Alifuta machozi yangu kwa mgongo wa kiganja, maana vidole vilikuwa na mafuta. "Huu wa gari hata mimi sijauona bado. Kaa hapa. Tuutafute pamoja."

Kuanzia siku ile sikuwa mtoto wa kufukuzwa. Baada ya shule nilikaa mkekani kati yao, na wakaniambia jina la kila kitu. Kilichokosa jina tulikipa. Tulitafuta mguu wa gari kama watu wanaosoma barua ya lugha ngeni. Elia alianza na jambo alilolijua. "Kama inarudi nyuma, moyo ni muzima. Kimekufa kile cha kuipeleka mbele." Alizungusha ekseli, ule mti wa chuma wa katikati, kwa mkono, akashika hiki, akaachia kile, na baba akatazama ni nini kinageuka na nini kinasimama. Waligundua kwamba ule utepe wa chuma ukiibana ngoma, ngoma inasimama, na ekseli inakwenda mbele. Ndani ya utepe palipaswa kuwa na kitambaa kigumu cha kushika. Kilikuwa kimekwisha kabisa. Chuma kilikuwa kinateleza juu ya chuma, kinang'aa kama kioo.

Lakini bakuli kubwa liliwashinda. Walipolifungua walikuta mabakuli mawili yanayotazamana, kila moja na mapezi ndani, kama mapezi ya samaki. Moja lilishikwa na injini, jingine lilishikwa na giaboksi. Na hayakugusana. Elia alipitisha ukanda wa karatasi katikati, ukapita.

"Nguvu inavuka namna gani?" alisema. "Hii ni uchawi."

Mama alikuwa jikoni pale uani, anakoroga mawese kwenye pipa kwa mwiko mrefu. Alikuwa amewasikia wakibishana juu ya jambo hilo hilo tangu asubuhi, nadhani alichoka tu.

"Uchawi wa nini? Njooni muone." Alitupa kata ya kibuyu katikati ya mawese, akaendelea kukoroga pembeni, mbali nayo. Kata ikaanza kuzunguka. Akakoroga kwa nguvu, kata ikakimbia. "Mwiko haugusi kata. Mafuta ndiyo yanaipeleka. Munajaza mafuta kwenye hayo mabakuli, ao hapana?"

Baba alimtazama mama, kisha akatazama mabakuli. Alianza kucheka, kicheko kilichotoka tumboni. "Ndiyo huo, Mwamini," aliniambia. "Mguu wa gari ni mafuta. Yakizunguka taratibu, bakuli la pili linabaki limelala. Yakikaza, linaamka. Hakuna haja ya kukanyaga." Mama alirudi kwenye mwiko wake, lakini tangu hapo alipopita kwenye mkeka alipunguza mwendo.

Siku waliyopanga kurudisha vipuri ndani ya kasha, kigololi kimoja kilipotea. Kila kijia cha lile bamba kilikuwa na chake, na kijia kimoja kilibaki kitupu. Tulikung'uta mkeka, tukapepeta mchanga kwa ungo. Ni mimi niliyemwona kuku mweusi wa mama akitembea pembeni ya mkeka na kudonoa kila kinachong'aa. Alikuwa kuku wake bora, anayetaga bila kupumzika, na mayai yake ndiyo yaliyokuwa sabuni na chumvi yetu.

Nilipomtaja, baba aliweka ungo chini. "Tuache," alisema. "Tutatafuta kigololi kingine."

"Wapi, yaya? Hii ni ya Amerika," Elia alinong'ona.

Hakuna aliyethubutu kumwangalia mama. Alifunga upya kanga yake, akamkamata kuku kwa mbawa, akamwita jirani amchinje. Alimpasua yeye mwenyewe, akafungua firigisi, na kati ya mawe na punje za mahindi akatoa kigololi, akakiosha kwa sabuni, akamwekea baba kiganjani.

"Hiki hapa. Sasa hiyo gari iende. Nimeilipia."

Usiku ule tulikula kuku kwa ugali, na Elia aliomba juu ya chakula kwa sauti hata waliokuwa barabarani wakaitikia amina.

Kilichobaki walikifanya watatu, mama akiwa wa tatu. Yeye ndiye aliyekumbuka mkanda mpana wa turubai wa mashine ya mawese, uliochakaa na kutupwa nyuma ya kibanda, mgumu, uliosukwa kwa pamba. Elia alikata kipande, akakigongomea ndani ya utepe kwa misumari midogo ya shaba aliyoipata kwa mshona viatu, akakisugua mpaka kikalala sawa juu ya ngoma. Mtu mmoja mtaani alishauri wajaze mawese, kwani nayo ni mekundu. Mama alimkatiza: "Asubuhi ya baridi mawese yanaganda. Gari itakaa ingoje jua?" Mafuta yake halisi yaliletwa kutoka Usumbura na dereva mwenzake baba.

Asubuhi ya kulijaribu, baba alivuta kile kijiti cha gia kilichoko kando ya usukani. Gari lilitikisika kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini. Kisha likasogea mbele, kwa urefu wa mkeka, kwa urefu wa nyumba, likatoka getini na kuingia barabarani. Elia aliimba wimbo wa kanisani kwake na shangazi akampigia vigelegele. Baba alikwenda mpaka msitu wa Kigwena akarudi, na alipofika alipiga honi ndefu.

Kwa miaka ile gari hilo lilibeba wagonjwa, maharusi, ndagala, na watu wa Nyanza-Lac waliokwenda mjini. Ule mkanda Elia aliubadilisha kila ulipochoka. Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuwa la mama. Jioni moja, kwenye uwanja mtupu karibu na ziwa, baba alishuka, akazunguka kwa magongo yake, akamfungulia mlango wa dereva.

"Mimi?" mama alisema.

"Pedali mbili tu. Kinachozunguka ndani unakijua kuliko madereva wote wa barabara hii."

Mwanzoni aliendesha kama anayebeba mtungi kichwani, mgongo wima, polepole, hamtazami mtu. Wazee wengine walisema maneno. Baba aliyasikia, akamwacha aendelee.

Halafu ulikuja ule mwaka wa 1972 ambao sisi wa Burundi tunauita ikiza, yaani janga, na nyumbani kwangu hauhitaji jina jingine. Sitausimulia wote. Bunduki zilisikika, majirani wakaanza kutoweka, milango ikabaki wazi bila watu. Elia alikuwa amekwisha kuvuka kwenda kwao. Baba alikuwa kitandani, kigutu chake kimevimba na homa imempanda hata hakuweza kukaa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa sasa. Asubuhi kweupe mama alimlaza baba kwenye kiti cha nyuma, akapakia wadogo zangu na watoto wa jirani ambao wazazi wao hawakuwa wamerudi, akashika usukani. Aliendesha kwa mwendo wake ule ule. Kutoka nyuma nilimsikia baba akisema, "Hivyo hivyo, Mama Mwamini. Hivyo hivyo." Tulipita michikichi, tukapita Kigwena, na mahali ambapo barabara haikufaa tena tulishuka pwani, ambako wavuvi walikuwa wakijaza watu mitumbwi. Mama alizima gari, akapandisha vioo vyote kwa sababu ya vumbi, akatushika mikono.

Upande wa Tanzania, Kigoma, tulipangwa foleni mbele ya meza. Baba alisimama kwa gongo moja na bega la mama. Karani, kijana mpole, alimwuliza jina na kazi.

"Dereva," baba alisema.

Karani aliutazama ule mguu mmoja, akaandika bila kuuliza. Kisha akamwuliza mama jina, na kabla ya kumwuliza kazi akaanza kujiandikia: mama wa nyumbani. Baba alitoa mkono begani kwa mama, akauweka juu ya karatasi.

"Samahani, bwana. Hapo futa. Huyu naye ni dereva. Ni yeye alituleta."

Karani alimtazama mama, kanga yake iliyolowa, miguu iliyojaa mchanga, na watoto waliomzunguka, akangoja labda mmoja wetu acheke. Mama alinyoosha mgongo kama anavyokaa kwenye usukani.

"Gari gani, mama?" karani aliuliza.

"Otomatike," mama alisema.

Kijana akafuta, akaandika upya.